Goti la Kwenda Kivukoni

Mwanangu Kasiani,

Sitakuuliza hujambo, maana nakusikia chumba cha pili ukibishana na mama yako kuhusu blanketi. Yeye anataka ubebe mawili, wewe unasema moja linatosha. Beba mawili. Njombe si Ifakara. Huko watu wanavaa sweta mpaka kwenye picha za harusi. Hilo ndilo agizo langu la kwanza na la mwisho katika barua hii. Mengine ya sabuni, ya kuanika soksi na ya kutoazima ndoo, mama yako ameshayasema, na kesho atayasema tena dirishani mpaka treni iondoke.

Nitaiweka barua hii chini ya shati lako jeupe la shule, ili usiione kabla hujafika. Ningeweza kukwambia haya kwa mdomo, lakini unanijua baba yako. Nikifungua mdomo unatoka utani. Hata kwenye msiba wa babu yako niliwachekesha waombolezaji mpaka katekista akaniomba nikakae nyuma na wapishi. Kalamu angalau inanisubiri nifikiri.

Nataka nikueleze nilivyokukosea. Usione haya kwa niaba yangu, soma tu.

Mimi nimekulia dunguni. Wewe dungu ulikuwa unaliona kwa mbali tu, ukipita barabarani: kibanda juu ya miti minne, katikati ya mpunga. Kwetu hiyo ilikuwa nyumba. Mpunga ukianza kutoa masuke, tulifunga mlango wa mjini tukahamia bondeni ng'ambo ya mto, baba, mama, watoto na kuku, mpaka mavuno. Kazi ya watoto ilikuwa kuamia ndege. Jua likichomoza uko juu ya dungu, kombeo mkononi, madonge ya udongo miguuni. Unapiga kelele, unarusha, unashuka, unakimbilia kona ya pili, unarudi, unapanda. Kwelea hawana mapumziko, kwa hiyo na wewe huna. Babu yako, aliyeshuka kutoka Mahenge na jembe na rozari, hakuwa mtu wa maneno mengi. Akipita chini ya dungu alisema tu, "Ukikaa, ndege wanatua," akaendelea na safari yake.

Nilikaa mara moja. Nilikuwa na homa, nikajiegemeza kwenye mti wa dungu, usingizi ukanichukua. Nilipoamka kona nzima ya shamba ilikuwa makapi matupu. Babu yako hakunipiga, na ningeona afadhali angenipiga. Alikwenda akasimama pale konani akaokota suke moja tupu akaliangalia. Na huku shuleni mwalimu alikuwa anaita jina langu kila asubuhi na hakuna wa kuitika. Ndiyo maana baba yako ameishia darasa la saba, na hesabu za mashine ya kukoboa ananifanyia mama yako.

Basi pale pale dunguni nikaapa: mtoto wangu atakaa. Atakaa kitini, kivulini, na kitabu mbele yake, na ndege watue watakako.

Unaona kosa lilivyozaliwa? Lilizaliwa na mapenzi, na ndiyo maana nilichelewa kulitambua. Ulipofaulu kwenda sekondari nilikwenda kwa fundi seremala nikaagiza kile kiti cha mninga chenye mto wa sponji na mgongo mrefu. Fundi aliniuliza kama ni cha padri. Nikamwambia ni cha mwanangu. Msimu ulipofika, mimi na mama yako tulikwenda shamba, tukaajiri vijana wa kuamia, wewe tukakuacha mjini na shangazi yako Benigna. Shangazi nikamkataza asikutume hata maji. Mpira niliukataza mwenyewe kwa mdomo wangu, nikasema goli halina cheti. Na pale kwenye mashine nilikuwa nawatambia wateja: "Mwanangu hajui jembe lina uzito gani." Watu wakinipongeza. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mwanangu anajua jirani yake anaitwa nani.

Ukakaa. Wewe mtoto mtiifu, ukakaa kama ulivyoagizwa. Ulikaa kidato cha kwanza mpaka cha nne, na mtihani ulipokwisha nikakupa simu iwe zawadi, ukakaa nayo. Ikafika ile miezi ya kungoja matokeo. Mchana unalala, usiku uso unamulikwa na kioo cha simu. Pazia halifunguliwi. Ukiulizwa unajibu "poa". Umekula? Poa. Matokeo yanakutia wasiwasi? Poa. Nikadhani poa maana yake ni poa.

Halafu chakula kikaanza kurudi jikoni kilivyokwenda. Kichwa kinauma, mwili mzito, huoni sababu ya kuoga. Wewe ni mtu wa Ifakara, unajua kwetu mtu akiinamisha kichwa jawabu ni moja. Malaria! Nikakupeleka kupimwa. Hakuna malaria. Nikakurudisha juma lililofuata. Hakuna. Nikamgombeza yule kijana wa maabara kwamba kifaa chake kibovu, na kwamba mimi nimeumwa malaria kabla yeye hajazaliwa, naijua ikivaa nguo yoyote. Kisha nikanunua dawa ya mseto dukani, nikakunywesha. Ukanywa kwa utiifu ule ule. Dawa ya ugonjwa usiokuwa nao, mwanangu, kwa sababu baba yako alikuwa na jina moja tu la ugonjwa.

Shangazi yako akaanza kunong'ona kwamba kuna mtu amekuchezea kwa uchawi. Baba yako mdogo akasema ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Mimi nikafanya kile ninachokijua. Nikatania.

Unaikumbuka Jumapili ile, nami naikumbuka vizuri zaidi yako. Watu wamejaa sebuleni, wali uko mezani, wewe umetoka chumbani macho yamevimba, umekuja kuchukua sahani urudi nayo ndani. Nikasema, "Mtazameni huyu. Hata kuku wa nyumba hii wanatoka nje." Wakacheka wote. Na wewe ulitabasamu. Ulichukua sahani ukarudi chumbani, na tangu siku hiyo hukuja tena hata kuchukua sahani. Nimewahi kusema maneno makali kwa watu wengi, na mengi nimeyasahau. Hilo la kuku silisahau. Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa unazama mbele ya macho yangu, nami nikakuchekea nikiwa nchi kavu.

Aliyenifungua macho ni yule daktari binti, ambaye kwa umri angekuwa dada yako. Nilikupeleka mara ya tatu, nikidai sindano. Akakuomba utoke nje kidogo, akaniuliza, "Mzee, siku ya kijana inaendaje? Akiamka anafanya nini?"

"Hafanyi kitu, daktari," nikajibu, kifua mbele. "Namtunza. Anakaa tu."

"Anakaa tu tangu lini?"

Nikataka kucheka, nikaona mwenzangu hacheki. Nikaanza kuhesabu, na kadiri nilivyohesabu ndivyo kifua kilivyorudi ndani. Akaniambia ugonjwa wako unaitwa sonona, si uvivu wala si uchawi, na kwamba hauji kwa sababu moja. Mwili usiotikiswa, usingizi uliogeuzwa, kukosa wenzako, simu usiku kucha, hofu ya matokeo, kila kimoja kinamshika mkono mwenzake. Hakusema kiti ndicho kilichokuuguza. Nilijisemea mwenyewe. Akanitaka uwe unakuja kuzungumza naye, na kila siku utoke utembee, na usitembee peke yako. "Lakini usimswage kama ng'ombe, mzee," akasema. "Tafuta namna."

Sasa namna ipi? Mtu niliyemfananisha na kuku angetoka kwa kuitwa na mimi? Nilikaa pale kwenye mashine siku nzima, pumba zinaniingia masikioni, nafikiri. Jioni nikaingia nyumbani nachechemea.

"Kasi," nikaita mlangoni kwako, "daktari amenipima na mimi. Goti. Amesema nitembee kila jioni, na nisiende peke yangu, naweza kuanguka."

Sauti yako ikatoka gizani: "Si uende na mama?"

"Mama yako anatembea kama anayefukuzwa. Nataka mtu wa pole pole."

Nikasikia kitanda kinalia. Ukatoka na kofia ya sweta kichwani, kwenye joto lile, ukanishika mkono kwenye ngazi ili nisijikwae. Nilitamani kulia na kucheka.

Siku ile tulifika kwenye mashine tu tukarudi. Ya pili vilevile. Baadaye tukapita mashine, tukafika kwenye nyumba za mwisho, tukaona mpunga. Na Jumamosi moja ukasema mwenyewe, "Twende mpaka Kivukoni, tununue perege." Nikasahau kuchechemea kwa furaha, nikakumbuka mbele ya safari.

Kivukoni ndiko nilikoanza kukujua. Tunasimama kando ya wavuvi wanaotoa samaki kwenye mitumbwi, mimi nakusimulia habari za pantoni la zamani kabla ya daraja, wewe unanisahihisha maneno niliyoyatumia vibaya. Nikagundua kwamba mtu mnayetembea naye bega kwa bega ni rahisi kuzungumza naye kuliko mnayetazamana mezani. Umri wangu wote huu sikujua. Dunguni tulikuwa tunapigiana kelele tu.

Na njiani kurudi siku moja, samaki wako mkononi mwako, wamefungwa kwa ukindu, ukasema bila kunitazama, "Baba, kulikuwa na siku nilikuwa natamani nisiamke."

Utani ulinipanda mpaka kwenye ulimi, nakuapia, kwa sababu utani ndio mkono wangu wa kujikinga. Nikaumeza. Nikauliza, "Na leo?"

"Leo hapana."

"Na kesho?"

"Sijui."

"Basi kesho tunakwenda kwa daktari wote wawili, na hilo ulilonieleza tunamweleza."

"Na goti lako?"

"Goti litangoja."

Nikakwambia utangulie. Nilisingizia kwamba limekaza. Uligeuka mara mbili kunitazama, nami nikakupungia mkono uende. Sikutaka unione nikilia katikati ya barabara, mtu mzima, mwenye mashine.

Sitakudanganya kwamba ulipona kama mtu aliyekunywa kidonge. Zilikuwako siku mlango haukufunguliwa, nikakaa sakafuni nje nikakuhadithia bei ya pumba mpaka ukasema, "Baba, basi, natoka." Matokeo yalikuja mazuri, ya kukupeleka kidato cha tano, na wewe hukufurahi, na hilo lilinitisha kuliko kama ungefeli. Tukarudi kwa daktari, tukarudi tena. Yule binti ana subira, Mungu ambariki. Kisha mpunga ukatoa masuke, ukasema unataka kwenda dunguni.

Mwanangu, nimeona waamiaji wabovu, lakini wewe! Donge lako la kwanza lilimkosa ndege likampata mama yako. Kombeo unalizungusha utadhani unaua mbu. Kwelea walikuwa wanakaa wanakutazama. Lakini mchana ule, nikiwa chini napalilia kingo, nikakusikia unapiga kelele. Ni sauti kubwa, ya kifua kizima, inavuka shamba mpaka kwa jirani, na jirani akakujibu. Sikuwa nimeisikia sauti yako ikitoka namna hiyo tangu ulipokuwa darasa la tatu. Nilisimama na jembe langu nikashindwa kuendelea na kazi. Dungu nililolichukia maisha yangu yote, siku hiyo nilitaka kulibusu miguu.

Sikwambii kwamba babu yako alikuwa na haki. Njaa ya dunguni naijua, na darasa nililolikosa nalilipia mpaka leo. Wala kitabu hakikukudhuru. Nasema tu kwamba nilikuondolea ndege nikakuondolea na kelele, na mbio, na jirani wa kukujibu, nikadhani vyote ni mateso kwa sababu kwangu vilikuja pamoja. Sikujua namna ya kuvitenganisha. Wewe utakapokuwa na wako, pengine utakosea upande mwingine. Ukifika hapo, niite nikucheke kidogo.

Kile kiti nimekipeleka kwenye mashine. Wanakikalia wanaongoja mpunga wao ukobolewe. Wanakaa kidogo, wanapiga soga, wanaondoka. Kinaonekana kimefurahi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Leo mchana ulipokwenda kumuaga shangazi yako, nilimwambia mama yako kwamba nataka nikukirie kuhusu goti, kwamba halijawahi kuuma hata siku moja. Alikuwa anapiga pasi, hakuinua uso.

"Mtoto anajua," akasema. "Anajua tangu juma la kwanza."

"Amejuaje?"

"Unachechemea mguu wa kulia ukienda, wa kushoto ukirudi."

Nikakaa chini. "Mbona hakusema?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Baba anaogopa. Ngoja nimsindikize.'"

Kumbe mimi najiona namtoa mgonjwa nje, na mgonjwa ananisindikiza mimi. Miezi yote hiyo, jioni baada ya jioni, wewe mwenyewe huna nguvu ya kuvaa viatu, unavivaa kwa ajili ya baba yako mwongo. Sijui nikuitaje kwa hilo. Nimetafuta neno toka mchana na bado.

Na ninaogopa kweli, Kasi. Mama yako anaogopa baridi. Mimi naogopa kwamba huko bwenini, kati ya vitanda vya watu usiowajua, uzito ule unaweza kukurudia, na wewe utafanya kama ulivyozoea, utasema "poa". Huko simu haziruhusiwi. Utapiga kwa simu ya mwalimu, umesimama ofisini kwake, wenzako wamepanga foleni nyuma yako wanasikia. Nani atasema pale, mbele za watu, kwamba moyo wake umezama? Mimi nisingeweza. Sisi wa nyumba hii tukibanwa tunasema malaria.

Kwa hiyo tutumie uongo wetu, kwa kuwa tunao tayari na umeshatufaa. Siku ukiona pazia linataka kujifunga tena, usingoje liwe zito. Mwambie mwalimu unaomba kumpigia baba. Nikipokea, sema tu, "Baba, goti linauma." Wenye foleni watadhani unaniuliza hali yangu. Mwalimu atadhani una baba mzee. Mimi nitajua. Sitauliza goti lipi, wala limeanza lini, wala sitatania. Nitaongea na mwalimu wako wa malezi, tutafute daktari wa huko kama yule wa hapa, na nitafunga mashine nipande treni. Mlimba, Uchindile, Makambako, mpaka nifike getini kwenu na sweta la kuazima. Tutatembea. Lazima huko kuna barabara.

Na ukimwona mwenzako bwenini amegeukia ukuta siku nyingi, hatoki, anajibu poa, usimhubirie. Mwambie una goti bovu unatafuta mtu wa kukusindikiza. Watu wengi wanaokataa kusaidiwa hawakatai kusaidia. Hilo umenifundisha wewe.

Blanketi naona mama yako ameshinda. Nawasikia mnacheka. Nitaacha kuandika nije nikae nanyi kabla hujaenda kulala.

Ila jambo moja, maana tumekubaliana kusema. Jioni hii ulipokuwa unafunga begi nilikwenda Kivukoni peke yangu. Nilitaka nijaribu, nione itakavyokuwa kuanzia kesho. Nilitembea pole pole kama tunavyotembea, nikanunua perege, nikageuka nimpe mtu ashike.

Goti linauma, mwanangu.

Baba yako